Anayetumwa na aulizwe akirudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuseme jambo moja kuhusu namna makanisa yetu yanavyopata viongozi. Kazi yetu ni kuwaandaa viongozi wa vikundi vya Biblia, walimu wa shule ya Jumapili, wasimamizi wa vijana na wale wanaotarajiwa kuwa wazee wa kanisa. Tunawaandikia wachungaji na waumini pamoja, kwa kuwa kosa tunalolisema linafanywa na pande zote mbili, tena kwa nia njema.

Mtu ameokoka, ana bidii, anahudhuria kila ibada, anajua kusema mbele za watu. Anakabidhiwa kikundi. Anapewa semina ya siku mbili, anaombewa mbele ya kanisa, anatumwa. Kuanzia hapo hakuna anayemuuliza chochote mpaka malalamiko yafike kwa mchungaji: kikundi kimepungua, watu wamegombana, au yeye mwenyewe amechoka na haonekani tena hata kwenye ibada. Ndipo inasemwa kwamba alipewa nafasi mapema mno.

Kweli, mara nyingine ni mapema mno. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba msimamizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna (1 Timotheo 3:6), na kwamba asiwe mwepesi wa kumwekea mtu mikono (5:22). Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ambao wengi wanaujua kwa ajili ya imani ya Nikea, ulitoa pia kanuni kadhaa za nidhamu, na ya 2 kati ya hizo ilikataza desturi ya kumchukua mtu aliyetoka upagani juzi, akafundishwa muda mfupi, akabatizwa na papo hapo kuwekwa askofu au kasisi. Kwa hiyo haraka hii ni ya zamani.

Lakini kungoja peke yake hakumkomazi mtu. Mwandishi wa Waebrania (5:12) anawaambia wasomaji wake kwamba kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa walimu, na bado wanahitaji maziwa. Mtu anaweza kukaa kanisani miaka kumi, akaimba kwaya, akatoa zaka, na asiweze kuketi na mwamini mchanga mmoja akamsaidia kuomba. Muda ulikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kumfuatilia.

Angalieni mpangilio wa Marko. Katika 3:14 Yesu anawaweka kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, kisha awatume. Katika 6:7 anawatuma wawili wawili, wakiwa bado wanafunzi, wala hawajajua mengi. Katika 6:30 wanarudi na kumpa habari za yote waliyoyafanya na yote waliyoyafundisha. Kukaa naye, kutumwa, kurudi na kutoa habari. Makanisa mengi yanafanya la pili vizuri sana, la kwanza kwa kiasi, la tatu hayalifanyi kabisa. Barua hii ni kwa ajili ya hilo la tatu.

Tabia ya kutoa habari haianzi mtu akiwa kiongozi. Inaanzia kwenye usomaji wake wa Biblia chumbani. Waamini wachanga wengi huanza Mwanzo kwa kasi ya sura 3 kwa siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka sura 40, hivyo siku ya 31 wanaingia Mambo ya Walawi, kwenye sheria za sadaka, hawana wa kuwaeleza, wanakwama, wanajiona wamemkosea Mungu, wanaacha kusoma. Hapo tatizo ni mpango wa kusoma wala si imani yao. Afadhali aanze na Marko, sura 16, sura moja kwa siku, kisha airudie yote mara ya pili kabla ya kuhamia Matendo. Akiisha kuzoea, Agano Jipya lina sura 260: sura 5 kwa wiki zinalimaliza kwa wiki 52, na kila wiki zinabaki siku mbili za kufidia alizokosa. Msiziondoe hizo siku mbili. Mpango usio na nafasi ya kufidia huvunjika kwenye homa ya kwanza au safari ya kwanza.

Awe na daftari, na kila siku aandike mistari mitatu tu: fungu linasema nini kwa maneno yangu mwenyewe, linanionyesha nini juu ya Mungu, leo nifanye nini. Mstari wa tatu ndio unaoharibika. Mtu anaandika "nitawapenda jirani zangu" na hakuna atakalofanya. Aandike jambo lenye mtu na saa: "leo jioni nitampigia simu ndugu yangu tuliyekosana." Kesho yake, kabla ya kufungua sura mpya, asome mstari wa jana na aweke alama kama ametenda au la. Asiyetenda asijilaumu nusu saa. Alirudishe jambo hilo kwenye orodha ya leo. Aliyezoea kujiuliza hivi kwa miezi sita hatashtuka mlezi wake, yule anayemwandaa, akimuuliza.

Kuhusu maombi tutasema machache. Zaburi moja iombwe kwa sauti kila siku, na majina ya watu yagawanywe katika siku za wiki, wachache kila siku, kwa sababu orodha ya majina 50 kila asubuhi husomwa kama mahudhurio ya darasa.

Sasa, ni nani wa kuandaliwa? Hapa watu wengi huchanganya karama na ukomavu. Kanisa la Korintho halikupungukiwa na karama yoyote, Paulo anasema hivyo mwanzoni kabisa (1 Wakorintho 1:7), na sura mbili mbele anawaita watoto wachanga katika Kristo kwa sababu ya wivu na fitina (3:1-3). Watu walewale, barua ileile. Anayehubiri mpaka watu wakalia anaweza kuwa mtoto mchanga. Someni sifa za 1 Timotheo 3:2-7 mkihesabu ni ngapi zinahusu uwezo wa kufanya kazi: kufundisha, na kuisimamia nyumba yake. Zilizobaki ni mwenendo: kiasi, busara, upole, ukarimu, kutokupenda fedha, kutokuwa mgomvi, kutokuwa mlevi, kushuhudiwa mema na watu walio nje.

Makanisa mengi huisoma orodha hii siku ya kuwasimika viongozi, wakati jibu pekee linalowezekana ni "Amina". Isomwe miezi sita kabla, na kila sifa iwekewe mtu wa kuulizwa. Kuhusu fedha, ulizeni aliyefanya naye kazi ya fedha au aliyemkopesha. Kuhusu upole, waulizeni walio chini yake kazini, kwa sababu mkubwa wake huonyeshwa sura nyingine. Kuhusu nyumba, kaeni na mwenzi wake wa ndoa, na msimuulize mbele ya mwenzake. Kuhusu watu walio nje, mwulizeni jirani asiyesali nanyi. Maswali yawe mafupi na ya wazi: je, akikosea huomba radhi? Akiahidi hufika? Na kabla ya hayo yote mwambieni mhusika mwenyewe kwamba mtauliza. Kuchunguza mtu kwa siri huzaa uvumi, na uvumi humharibia hata aliye safi.

Ishara moja tunaiamini kuliko nyingine: anafanyaje akisahihishwa. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:24-28). Hawakumsahihisha mbele ya watu. Naye akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema, na baada ya hapo akawasaidia waamini sana. Mpeni mtu masahihisho madogo faraghani, kwa mfano kwamba alichelewa mara mbili, kisha mngoje wiki tatu. Atakayebadilika kimyakimya mpeni kazi zaidi. Atakayeeleza sababu ndefu, akaacha kuja, au akaanza kuhesabu makosa ya wengine, bado anahitaji kulelewa, na kumpa kikundi sasa ni kumwumiza.

Mafunzo yenyewe tunayapanga kwa wiki 16, ndani ya kikundi halisi kinachoendelea, mlezi mmoja na wanafunzi wawili. Wawili ni bora kuliko mmoja, kwa kuwa wanafunzi huzungumza baina yao mambo ambayo wangeona haya kumwambia mlezi. Wiki 4 za kwanza wanatazama. Lakini anayetazama bila kazi husinzia, basi kila wiki mmoja apewe jambo la kuandika: nani alisema na mara ngapi, swali gani liliwafungua watu na lipi liliwanyamazisha, muda uliliwa wapi. Wiki 4 zinazofuata kila mmoja anaendesha sehemu moja, kwanza maombi ya kufungua, kisha usomaji, kisha maswali mawili. Wiki 6 zinazofuata wanapokezana kuongoza kikao chote, mlezi akiwa ameketi kimya. Wiki 2 za mwisho mlezi hayupo.

Kimya cha mlezi ndicho kigumu kuliko vyote. Mwanafunzi akikwama, macho ya kikundi yote yanamgeukia mlezi, na mlezi anatamani kuokoa kikao. Akifungua mdomo mara moja tu, kikundi kimejua nani kiongozi wa kweli, na mwanafunzi amejua pia. Asikae mbele wala uso kwa uso na mwanafunzi; akae pembeni, upande uleule wa mwanafunzi, ili watu wasimwone kwa urahisi, na aandike badala ya kusema. Aingilie kwa mambo mawili tu: mtu anapoumizwa, au fundisho linalogusa msingi wa imani linapopotoshwa na mwanafunzi hajaliona.

Baada ya kila kikao, katika wiki zote 16, kuwe na mazungumzo ya nusu saa kati ya mlezi na wanafunzi, kabla siku mbili hazijapita. Yakingoja wiki, kila mtu amesahau, na mlezi hubaki na "ulifanya vizuri, Mungu akubariki", maneno mazuri yasiyofundisha kitu.

Maswali yetu ni yaleyale kila wiki, na mwanafunzi huyajibu kwanza. Ulipanga nini? Kilitokea nini? Ni wapi ulihisi kikundi kimekuwa hai, na wapi kilipoa? Ni nani hakusema kabisa? Ni neno gani ulilosema ungependa kulirudisha? Wewe mwenyewe fungu lilikugusa wapi? Kisha mlezi anasema mambo mawili, hayazidi mawili: moja la kuendelea nalo na moja la kubadilisha wiki ijayo, yote yakiwa na mahali pake katika kikao. "Uwe jasiri zaidi" halimsaidii mtu. "Swali la tatu ulilijibu mwenyewe baada ya sekunde tatu, wiki ijayo hesabu mpaka 10 moyoni kabla ya kusema" linamsaidia wiki hiyohiyo. Mlezi mwenye mambo tisa kwenye daftari achague moja na ayafunge mengine. Mwanafunzi akipewa tisa hatarekebisha hata moja, na atalala akiamini hafai.

Fungu la kujifunzia jambo hili ni Luka 10:17-20. Wale sabini ambao Yesu aliwatuma wanarudi na furaha, pepo wamewatii. Yesu anaiacha furaha yao iseme, anawathibitishia mamlaka waliyopewa, halafu anawaambia wasifurahie kwamba pepo wanawatii, wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Kazi ilikwenda vizuri na bado walihitaji kusahihishwa, kwa sababu walikuwa wanaanza kuegemea kazi. Walezi wengi humwita mwanafunzi kikao kikiharibika tu. Muulizeni zaidi siku alipofanikiwa. Siku hiyo ndipo kiburi kinapotafuta kiti.

Tuseme pia ufundi wa kikao wenyewe, maana hapa makosa ni yaleyale kila mahali. Ukubwa wa kikundi uwe kati ya watu 6 na 12. Yethro alimshauri Musa aweke hata wakuu wa makumi, yaani wa watu kumikumi (Kutoka 18:21), na vikundi vya Wamethodisti vilivyoanza Bristol mwaka 1742 vilikuwa vya watu kama 12, kila kimoja na kiongozi aliyetakiwa kumwona kila mtu wake mara moja kwa wiki. Wakizidi 12, wakimya hupata pa kujificha na waongeaji hupata hadhira. Wakipungua 5, mtu mmoja akisafiri kikao kinakuwa kizito.

Kwa dakika 90, tunatenga 15 za kufika na kusalimiana, 10 za kusoma fungu mara mbili kwa sauti mbili tofauti, 40 za mazungumzo, 20 za maombi na 5 za matangazo na kuaga. Sehemu inayokula nyingine ni maombi. Watu wanaeleza haja zao dakika 18, kisha zinaombewa dakika 2. Dawa yake: anayetaja haja yake aombewe palepale na mtu aliye kulia kwake, sentensi mbili au tatu, kabla ya haja inayofuata kutajwa.

Maswali ya fungu yasizidi 8. Matatu ya kwanza yaulize fungu linasema nini, na majibu yake yaonekane katika mistari. Matatu yaulize maana yake: kwa nini alisema hivyo, kwa nini kwa watu hawa. Mawili yaulize linatutaka tufanye nini. Wanaoanza huruka makundi mawili ya kwanza, wanauliza "fungu hili linakuambia nini wewe?", na kila mtu anasema alichokuja nacho moyoni. Swali ambalo jibu lake ni "ndiyo" liandikwe upya. Swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake liache. Siyo vibaya kutojua, ila kikundi hakipaswi kuachwa hewani kwa sababu kiongozi hakujiandaa. Kujiandaa kunataka saa mbili: moja siku nne au tano kabla, ya kusoma fungu bila maswali ya mtu mwingine, na moja siku ya mwisho.

Muongeaji asizimwe mbele za watu. Kaa ubavuni pake badala ya kukaa uso kwa uso naye, na useme, "Tumsikie ambaye hajasema." Akiendelea wiki tatu, onaneni faraghani umwombe akusaidie kuwavuta wakimya, wengi hubadilika wakipewa jukumu. Mkimya naye asiitwe kwa jina ajibu swali la maana; mwombe asome fungu kwanza, sauti yake izoee chumba. Mtu akisema jambo lisilo la kweli, usikimbilie kulipinga. Muulize, "Hilo umeliona mstari wa ngapi?" Mara nyingi mstari wenyewe humrudisha, na kikundi kinajifunza kwamba mwamuzi ni Maandiko, hata kiongozi yuko chini yake.

Kuna mambo ambayo mwanafunzi hafai kuachwa ayagundue mwenyewe. Tunayafundisha wiki ya kwanza, kabla hajaongoza hata wimbo.

Kwanza ni siri. Kiongozi asiahidi kamwe kwamba hatamwambia mtu yeyote. Aseme, "Nitalitunza, isipokuwa kama kuna mtu aliye hatarini." Mtoto anayedhulumiwa, mtu anayesema anataka kujiua, mke au mume anayepigwa: hayo hayamalizwi kwa maombi ya kikundi. Mchungaji aambiwe siku hiyohiyo, na polisi au hospitali zihusishwe kama sheria inavyotaka. Kuwaombea na kuwapeleka panapowapasa ni kazi moja. Kiongozi anayekaa na jambo la namna hii peke yake kwa sababu "Mungu atatenda" anaweza kuruhusu mtu afe au mtoto aumizwe tena, nasi tunalisema hili kwa uchungu na kwa uzito wote.

La pili ni fedha. Mchango wowote uhesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, uandikwe, wote watie sahihi, uwasilishwe siku hiyo. Paulo, alipobeba mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu, alipanga ndugu wengine waende pamoja, akaeleza sababu: asilaumiwe mtu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Mtume mwenyewe hakudai aaminiwe hivihivi. Na kiongozi asikope kwa mtu wa kikundi chake, hata kidogo. Deni hubadilisha kila neno atakalosema baadaye.

La tatu ni kutawala dhamiri za watu. Mwamini mchanga humpenda aliyemlea, atamuuliza aolewe na nani, ahame kazi au la. Kiongozi akianza kujibu kwa "Bwana ameniambia juu yako," amejiweka mahali pasipo pake. Petro anawaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya wale waliokabidhiwa, bali wawe vielelezo (1 Petro 5:3). Katika mazungumzo ya nusu saa tunauliza wazi: wiki hii umemshauri nani, juu ya nini, kwa maneno gani? Swali hili tunaliongeza kwenye yale ya kila wiki kwa sababu ndilo ambalo hakuna atakayelileta mwenyewe.

Akishindwa je? Itategemea ameshindwa nini. Kama ni ufundi, vikao vimekuwa baridi au muda unampotea, arudishwe hatua moja nyuma, wiki nne, kisha ajaribu tena. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani (Matendo 13:13), Paulo akakataa kwenda naye safari iliyofuata, wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana (15:37-39). Barnaba akamchukua akaenda naye. Miaka baadaye Paulo huyohuyo anaandika aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Mtu wa kumchukua aliyeshindwa anahitajika kila kanisa. Kama ni dhambi ya mwenendo, asimamishwe utumishi, atubu, alelewe, na kurudi kwake kuamuliwe na wazee pamoja, si na rafiki yake mmoja. Kama amemtumia vibaya mtu aliye chini yake kwa fedha au kwa mwili, tunamwombea msamaha wa Mungu kwa moyo wote na hatumrudishii kundi. Haya matatu yakichanganywa, asiye na ufundi hufukuzwa kama mwasi, na mwenye hatari huhamishiwa tawi jingine.

Tunajua wachungaji watasema hawana muda. Mlezi mwenye wanafunzi wawili anahitaji nusu saa moja ya mazungumzo kwa wiki juu ya kikao ambacho angehudhuria hata hivyo. Nusu saa hiyo ni ndogo kuliko muda unaotumika kupatanisha kikundi kimoja kilichovunjika. Mchungaji mwenye vikundi 12 asijaribu kuwaona viongozi wote mwenyewe. Achague walezi watatu, kila mmoja awe na viongozi wanne, naye awasikilize hao watatu. Naye pia awe na mtu wa kumpa habari. Mchungaji asiyeulizwa na mtu hatadumu kuwauliza wengine. Kumbukeni pia kwamba mitume walipomaliza kutoa habari, jambo lililofuata Yesu aliwaambia waende faraghani wapumzike kidogo (Marko 6:31). Kila kiongozi wa kikundi apumzishwe wiki moja kila baada ya miezi mitatu, na wiki hiyo mwanafunzi aongoze.

Linabaki suala la kukabidhi, ambalo huharibika hata pale mengine yote yamekwenda sawa. Kiongozi wa zamani anakabidhi kikundi lakini anaendelea kuhudhuria, na kila swali linarudi kwake. Musa aliagizwa amsimamishe Yoshua mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote, na aweke juu yake sehemu ya heshima yake, ili watu wapate kumtii (Hesabu 27:18-20). Ifanyike hivyo: siku ijulikane mwezi mmoja kabla, aliyetangulia amtaje mrithi wake kwa jina mbele ya kikundi, aseme amemwona akitumika na anamwamini, kisha asihudhurie kwa miezi mitatu. Akipigiwa simu na mtu wa kikundi, amrudishe kwa kiongozi mpya. Akabidhi daftari la majina, la haja za maombi na la mafungu yaliyosomwa. Siri za watu asiziandike humo wala asizikabidhi bila ruhusa yao. Na kabla watu hawajatawanyika siku hiyo, kiongozi mpya na mlezi wake waandike tarehe na saa ya mazungumzo yao ya kwanza.

Ni sisi, walezi wa viongozi wa vikundi vya Biblia